Hirizi ya Mwana Kupona na Ulimi wa Mke

Katika arusi moja ya Kikristo iliyofanyika huku kwetu, baada ya ibada na kabla ya chakula, mzee mmoja alisimama kumpa bibi arusi maonyo, kama ilivyo desturi. Mzee huyu ni mtu wa heshima, ajuaye Maandiko, tena mpenda mashairi. Alimwambia binti yule kwamba siku ya mwisho habari zake zitaulizwa kwa mumewe: mume akiwa radhi naye, atapelekwa peponi; mume akiwa amechukizwa, atapelekwa motoni. Kisha akasema kuwa maneno haya si yake, ni ya Mwana Kupona, mama wa pwani aliyemwusia binti yake, na kwamba kila mke apendaye amani na aufunge ulimi wake kama mama yule alivyofundisha. Watu wakapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele. Bwana arusi hakuambiwa neno lo lote, ila kwamba asogee kupokea zawadi.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani usiku, mwenzetu alitangulia na taa, nasi tulifuata tumembeba mtoto. Kwa mwendo mrefu hakusema. Kisha akauliza, "Mwalimu, utendi ule umeusoma wote?" Tukamjibu kwamba tuliusoma chuoni. Akasema, "Nimekuuliza kama umeusoma wote."

Kweli ni kwamba hatukuusoma wote. Tulisoma beti kama ishirini zilizotakiwa kwa mtihani, tukafaulu, tukafunga kitabu. Basi, tangu usiku ule tumeusoma utendi mzima, tangu mwanzo hata mwisho, mara tatu, na haya tuyaandikayo ndiyo tuliyoyaona ndani yake.

Kwanza tuseme habari za utendi wenyewe, kwa ajili ya wasomaji wa bara wasioujua. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mtu wa Pate, naye aliolewa na Bwana Mataka, Sheikh wa Siu, yule aliyepigana na majeshi ya Sultani wa Unguja asikubali mji wake kutawaliwa naye. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, mwaka 1858, mjane wake akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi huu. Beti zake ni 102. Kila ubeti una vipande vinne. Vitatu vya kwanza vyapatana kwa kina chao, na cha nne kimefungwa kwa kina kimoja kiendacho katika utendi wote. Ulipigwa chapa kuwa kitabu huko Uingereza mwaka 1934, pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kwa kazi ya Alice Werner na William Hichens. Lugha yake ni ya visiwa vya Lamu, nayo yatutaabisha sisi watu wa bara, wao husema "ndia" tusemapo "njia," na "mato" tusemapo "macho." Lakini asomaye polepole, kwa sauti, huanza kuelewa kabla ya kujua kwamba ameelewa.

Sifa yake ya kwanza ni kwamba hapana unafiki ndani yake. Mama mgonjwa amwita binti yake akae karibu, alete wino na karatasi, apate kumwambia yaliyo moyoni. Ye yote aliyepata kukaa kando ya kitanda cha mama yake katika ugonjwa mkubwa ataijua sauti hii mara moja. Mwisho wa utendi ni sala: awaombea watoto wake, awaombea ndugu na jamaa, ajiombea mwenyewe afya. Dini yake si yetu, wala hatujifanyi kuwa hatukuliona hilo; lakini mtu amwombeaye mtoto wake kwa machozi hastahili kudharauliwa na mtu wa dini yo yote. Tena mtungaji ajua kazi yake. Hachoshi. Apanga shanga zake moja moja, na kila ubeti wasimama peke yake kama mtu aliyekwisha kuvaa.

Sasa tuje kwenye maonyo yenyewe, maana hapo ndipo mzee wetu alipochuma lake.

Katika beti za mwanzo mama aagiza mambo kwa taratibu. Kwanza, binti ashike dini. Pili, awe na adabu na ulimi mwema. Kisha awe mkweli, ashike lililo haki, na mtu asiyeijali haki asifuatane naye njiani. Tulipousoma ubeti huu wa ukweli tulisimama, kwa sababu katika beti zile ishirini za mtihani wetu haukuwamo, wala hatujausikia ukitajwa katika arusi hata moja. Huu ni ubeti wa mtu imara. Haumwambii binti awe mkweli kwa wanawake wenzake, au kwa wadogo wake, au kwa mwenye kumdai. Wamwambia awe mkweli, basi.

Lakini mbele kidogo mume aingia, na ule ubeti wa haki hausikiki tena. Mama afundisha kwamba kiumbe hana budi kutafuta radhi tano: ya Mungu, ya Mtume wake, ya baba, ya mama, na ya mume. Baada ya hapo maagizo yote yamwelekea huyu wa tano. Asijibizwe. Amri yake isikataliwe. Alalapo asiamshwe kwa sauti, bali apepewe. Mke asitoke bila ruhusa, wala asikawie njiani. Na mume akileta ovu, mke amwachie Mungu, ambaye ndiye atakayemlipa.

Hapo twamwuliza mtungaji kwa heshima: yule mtu asiyeijali haki, ambaye binti ameonywa asifuatane naye njiani, itakuwaje akiwa ndiye mume aliyelala pale akipepewa? Utendi haujibu. Beti mbili zatazamana kama watu wawili waliokutana katika njia nyembamba ya konde, wala hapana mmoja ampishaye mwenziwe. Hatudhani kwamba Mwana Kupona hakuliona. Mwanamke mwenye akili kiasi hicho aliliona. Lakini tukumbuke hali yake. Mumewe amekwisha kufa, mji wake una maadui, yeye mwenyewe yu mgonjwa, na binti yake ataachwa bila baba na bila mama katika nyumba ya mtu mwingine. Mama wa namna hiyo hatafuti namna ya kuitengeneza ndoa. Atafuta namna ya kumwokoa mtoto wake asipigwe wala asifukuzwe. Yeye mwenyewe aliliita wasia wake hirizi, ya kufungwa kwa uzi. Na hirizi huvaliwa na mtu aliye hatarini. Haikutungwa iwe sheria ya nyumba, wala haikuandikwa kwa waume. Kosa si la mama yule. Kosa ni letu wanaume, tulioivua hirizi shingoni mwa binti tukaifanya fimbo.

Kuna ubeti mwingine uliotushika kuliko wote. Mama amwagiza binti kumtunza mume kama mtoto mdogo ambaye hajajua kusema. Tumewaona wanaume wakisikia maneno haya wakitabasamu, nasi tulitabasamu tuliposoma mara ya kwanza. Ni jambo tamu kutunzwa. Mara ya pili hatukutabasamu. Maana mtoto asiyejua kusema hutendewaje? Huogeshwa, hulishwa, huimbiwa, huondolewa karibu na moto. Akivunja kitu, vipande hufagiliwa kimya, na yeye hupewa kitu kingine cha kuchezea. Haulizwi shauri. Haambiwi kwamba amekosa, kwa sababu hapana atazamiaye kuwa ataelewa. Basi tazama: Mwana Kupona amempa mume heshima zote isipokuwa moja. Hakumhesabu kuwa mtu awezaye kuambiwa.

Twafikiri hii ndiyo siri ya utendi mzima, na wale wautumiao kuwanyamazisha wake zao hawajaifahamu. Wao hudhani kimya cha mke ni taji juu ya kichwa cha mume. Lakini mke aonaye kosa la mumewe, akatabasamu, akatandika mkeka, akamwachia Mungu, mara nyingi hamheshimu. Amekata tamaa naye. Amekwisha kumweka katika hesabu ya watoto.

Mahali pengine mama asema kwamba yeye na marehemu mumewe hawakuteta hata siku moja, mpaka mauti yalipomchukua. Hatutamwita mwongo. Mjane akimsimulia binti habari za baba yake aliyekufa husema yaliyo mazuri, na ni haki yake. Lakini sisi walimu twalijua darasa ambalo hapana mtoto anyoshaye mkono kuuliza. Mkaguzi mgeni hulisifu kwa utulivu. Mwalimu mwenyewe, akiwa mwaminifu, ajua kwamba nusu yao hawakuelewa, na nusu yao wamwogopa.

Tena kuna ubeti ambao wasomaji huupita upesi, wakidhani ni habari za chumvi na mafuta. Mama amwagiza binti aangalie sana vitu vya nyumbani, kitokacho na kiingiacho. Sisi hatuwezi kuupita, kwa sababu ya jambo lililotupata miaka kadha kabla ya arusi ile. Si jambo la kutuletea sifa.

Tulikuwa tumepewa kazi ya kutunza fedha za sadaka ya mavuno. Zilikaa katika kopo la majani ya chai, ndani ya sanduku, na ufunguo wa sanduku ulikuwa kwa mwenzetu, kwa kuwa sisi hupoteza funguo. Wakati ule tulikuwa twaezeka nyumba mpya, tukapungukiwa na mabati kumi na mawili. Masika yalikuwa karibu, mshahara ulikuwa mbali. Tuliomba ufunguo, tukafungua, tukatwaa. Tulijiambia kwamba twakopa tu, kwamba mwezi wa pili hautakwisha kabla hatujarudisha, na kwamba hapana atakayedhurika. Tulijiambia hayo kwa lugha nzuri sana. Mwalimu hakosi maneno.

Jioni ile mwenzetu alihesabu kilichokuwamo koponi. Hakupiga kelele. Watoto walipokwisha kulala alikuja akakaa, akasema, "Mwalimu, fedha hizi uliziomba kwa nani?" Tukamwambia kwamba mambo ya kanisa si mambo ya jikoni. Akasema, "Kama ungaliziomba, ungalinitajia jina." Hapo hasira yetu ikawaka. Tulisema maneno mengi ambayo hatutayaandika, na moja tutaliandika ingawa latuaibisha: tulimtajia Mwana Kupona. Naam, sisi ambao hatukumaliza kumsoma, tulimwambia mke wetu kwamba hata wanawake wasio Wakristo walijua kunyamaza kuliko yeye. Sasa msomaji aelewa kwa nini aliuliza swali lile kule njiani na taa mkononi, baada ya miaka kadha.

Siku nane hatukusema naye ila salamu. Chakula tuliletewa na mtoto, tukakila peke yetu juu ya meza ya madaftari. Siku ya tisa tulikwenda kwa mwenye duka tukamwomba ayapokee tena mabati manane ambayo hayajapigiliwa misumari, akayapokea kwa bei ya chini. Iliyopungua tuliijaza kwa kuuza baiskeli. Wazee walipokuja kuhesabu, hesabu ilikuwa kamili. Masika yakaja, upande mmoja wa nyumba ukavuja, na mwenzetu aliweka sufuria chini ya tone, akaamka mara kwa mara usiku kuimwaga, wala hakusema neno. Kimya chake cha safari hii hakikuwa cha Mwana Kupona. Hapakuwa na kosa lililobaki la kusemwa. (Wazee wa kanisa letu wamekwisha kuzisikia habari hizi kinywani mwetu kabla hazijapigwa chapa. Mmoja alicheka. Mwingine hakucheka.)

Tangu hapo hatuwezi kusoma habari za Anania na Safira, katika Matendo ya Mitume mlango wa tano, kama tulivyozisoma zamani. Wahubiri huzitumia kuonya juu ya uongo na uchoyo, nayo ni kweli. Lakini mtazame Safira. Mumewe auza kiwanja, azuia sehemu ya thamani yake, na kitabu chasema wazi kwamba mke alijua habari hiyo. Saa tatu baadaye aingia, asijue kwamba mumewe amekwisha kuzikwa, na Petro amwuliza kama kiwanja kiliuzwa kwa kiasi kile. Ajibu sawasawa na mumewe. Kwa kanuni ya yule mzee wa arusini, Safira ni mke bora kabisa: hakupinga, hakuuliza, hakumtolea mumewe siri, alisema kama alivyosema yeye. Akafa miguuni pa Petro, na vijana waliomzika mumewe walikuwa hawajaketi. Twawauliza wasomaji: nyumbani kwa Anania, usiku walipozihesabu zile fedha, kama mke yule angalisema, "Hizi ulimwahidi nani?" je, angalikuwa amevunja ndoa, au angaliwaponya wawili?

Twende sasa kwa Abigaili, katika kitabu cha kwanza cha Samweli, mlango wa ishirini na tano. Hadithi hii hupendwa na wanawake wa Biblia, na wanaume huisikia kwa mashaka, maana Abigaili alimwita mumewe mpumbavu mbele ya mtu mwingine. Nabali alikuwa na kondoo 3,000 na mbuzi 1,000. Daudi na watu wake walikuwa wamewalinda wachungaji wake nyikani; siku ya kukata manyoya akatuma watu kwa adabu kuomba chakula, na Nabali akawatukana. Daudi akawafunga panga watu 400 waje kuiangamiza nyumba. Yote haya yajulikana. Lakini kuna neno dogo ambalo sisi hatukulisikia likihubiriwa. Mtumishi mmoja akimbilia kwa Abigaili kumweleza hatari, na amalizapo asema kwamba bwana wao ni mtu mbaya kiasi kwamba hapana mtu awezaye kusema naye.

Hili ndilo lililomwua Nabali. Uchoyo hakuwa nao peke yake. Matajiri wengi ni wachoyo, nao huishi hata uzee. Nyumbani mwake mlikuwa na watu wawili walioijua hatari, mtumishi na mke, na wote wawili walijua kwamba si kazi ya maana kumwambia. Basi mke alilazimika kutenda bila ruhusa. Alitwaa mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano waliokwisha kutengenezwa, bisi, zabibu na tini, akampandia Daudi njiani akamzuia. Aliporudi alimkuta mumewe amelewa, akifanya karamu kama ya mfalme. Hakusema neno mpaka kulipopambazuka na divai imemtoka. Ndipo akamwambia yote. Tazama jinsi mwanamke yule alivyojua wakati wa neno! Wako wake wengi wenye haki walioharibu haki yao kwa kuisema mbele ya wageni, au kwa mlevi, au kisimani kabla ya nyumbani. Lakini tazama pia jambo la kusikitisha: hii ndiyo mara ya kwanza twasoma kwamba Nabali aliambiwa ukweli na mkewe, na moyo wake haukuweza kuuchukua. Ukafa ndani yake kama jiwe, na baada ya siku kumi alikufa. Mtu asiyezoea kuambiwa madogo hawezi kuambiwa makubwa.

Kinyume chake ni Manoa, baba yake Samsoni, katika Waamuzi mlango wa kumi na tatu. Baada ya malaika kupaa katika mwali wa madhabahu, Manoa aliingiwa na hofu, akasema hakika watakufa, maana wamemwona Mungu. Mkewe akamjibu kwa hoja: kama Bwana angalitaka kuwaua, asingalipokea sadaka yao, wala asingaliwaonyesha mambo yale. Mume alikosea, mke akamsahihisha, wala Manoa hakusema kwamba mambo ya madhabahu si ya wanawake. Mstari ufuatao, mtoto azaliwa. Jina la mwanamke yule halikuandikwa, lakini hoja yake imeandikwa.

Twajua tutakayojibiwa. Tutaambiwa kwamba Mithali yasema afadhali kukaa pembeni mwa dari kuliko kukaa na mwanamke mgomvi. Ni kweli, na wanawake wa namna hiyo wako, kama walivyo wanaume wa namna hiyo. (Wale wapendao sana mstari huu wasisahau kwamba Sulemani alikuwa na wake 700 na masuria 300, si ajabu akiwa alikuwa akitafuta pembe tulivu.) Tutatajiwa mke wa Ayubu. Alisema vibaya, naam; lakini alikuwa mama wa watoto kumi waliokufa siku moja, na Ayubu alimjibu kwa maneno ya kumrudisha, hakumfukuza wala hakuinua mkono. Na tutasomewa Waefeso mlango wa tano, mahali wake waagizwapo kuwatii waume zao. Sisi twaomba msomaji aanze mstari mmoja juu, ambapo Wakristo wote waagizwa kunyenyekeana, kisha aendelee mistari michache chini, ambapo mume apewa kipimo cha Kristo aliyejitoa kwa ajili ya kanisa. Mume aliyekipima kipimo hicho sawasawa hatapata nafasi ya kumwuliza mkewe kwa nini amesema.

Ugumu wa kweli hauko katika Maandiko. Uko katika hofu yetu ya kuchekwa. Mwanamume huku kwetu aweza kuambiwa na mkewe jambo la kweli, na moyo wake ukakubali, lakini akakataa kulifuata ili wenziwe wasije wakasema kwamba nyumba yake yatawaliwa na mwanamke. Sisi tulipouza baiskeli tuliulizwa na wengi sababu yake. Tulijibu kwamba ilikuwa imechakaa. Haikuwa imechakaa.

Je, sasa tuache kuusoma utendi wa Mwana Kupona? La, hasha. Hilo lingekuwa shauri la mtu aliyesoma beti ishirini. Twataka usomwe zaidi, tena wote. Hatuoni vema wasichana wa shule kukaririshwa beti za mume bila beti za ukweli zilizotangulia, wala hatuoni vema usomwe mbele ya bibi arusi peke yake. Tulitaka kusema kwamba hapana mshairi aliyewatungia wana wa kiume hirizi yao, lakini tungalikosa: Shaaban Robert alimtungia binti yake utenzi, na mwanawe wa kiume akamtungia mwingine. Basi na tusomewe wote wawili, mume na mke, tumeketi pamoja. Na afikapo msomaji kwenye mtoto asiyejua kusema, asimame kidogo, amtazame bwana arusi, amwulize kama ndivyo atakavyo kutunzwa.

Tulipokwisha kuandika haya tulimsomea mwenzetu, naye akayasikiliza huku akichambua mchele. Juu ya Mwana Kupona alituambia kwamba tumemkemea mno mama mgonjwa, nasi tukafuta mistari minne. Juu ya Safira hakusema kitu. Tulipofika kwenye habari za kopo, tulikuwa tumeandika kwamba siku zile za kutosemezana zilikuwa tatu.

"Zilikuwa nane," akasema, akapeta ungo.

Tukaandika nane.